Mabomba Badala ya Mninga: Tulivyojenga Bodi za Magari Kasulo

Marahaba. Naitikia kabla hamjaniamkia, maana ninyi mnaochomelea pale njiapanda mna tabia ya kuanza na swali, shikamoo inafuata nyuma kama mbuzi mwenye kamba. Mmeniuliza mara nyingi: bibi, ni kweli hapa Kasulo magari yalijengwa kwa mbao? Na kama yalijengwa, mbona mliacha? Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama juani. Shule yangu iliishia darasa la nne na mwandiko wangu hauna urembo, lakini nimekaa na nimeandika. Someni mkiwa mmenawa mikono, karatasi haipendi grisi.

Injini hatukutengeneza. Asije mtu akasema bibi anajisifu. Lori lilikuja kwetu likiwa kichwa na chesisi tu, nyuma uchi kama mnyama aliyechunwa. Sisi tulilivika. Sakafu, mbavu, nguzo, mlango wa nyuma, ngazi ya utingo, vyote vilitoka kwenye karakana yetu, na vyote vilikuwa mninga uliokatwa misitu ya Biharamulo. Bodi moja ilikuwa nzito hivi kwamba wanaume waliipandisha kwa magogo wakiimba, na walipomaliza kuimba walikuwa hawana sauti ya kugombana na wake zao.

Karakana ilianzishwa na baba mkwe wangu, marehemu Mzee Karoli. Nilipoolewa na mwanawe Laurenti nilidhani nimekuja kulima migomba. Nikalima. Lakini mwaka mmoja Laurenti akaugua kifua, na mzee akaniita nishike upande wa pili wa msumeno. Nikashika. Laurenti alipopona, mzee akasema msumeno umeshanizoea, niachwe nao. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi. Hakuna aliyeniuliza kama naipenda.

Mzee Karoli hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi. Alisema: "Msumari ni mgeni, barabara ikimtikisa anaaga. Bolti ni ndoa, ina nati ya kuizuia." Kwa hiyo hatukupiga misumari mahali panapobeba. Alitufundisha kuacha nafasi kati ya ubao na ubao wa sakafu, nafasi ya kupitisha ncha ya kisu, ili maji ya mvua yashuke na maharage yasiote humo ndani. Na kati ya mbao na chesisi tuliweka ukanda wa tairi kuukuu. Mbao ikikaa moja kwa moja juu ya chuma, vinasagana. Utasikia kelele leo, kesho utaona ufa. Ukanda huo nawaona mnauruka siku hizi kwa sababu ya haraka. Acheni haraka hiyo.

Sasa mafuta. Milima ya Ngara mnaijua. Malori ya zamani yalikunywa petroli kama watu wa msibani wanavyokunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kuangalia mtungi umebaki na nini. Yalipokuwa machache na mafuta yanapatikana, hakuna aliyelalamika. Kisha wakimbizi wa Rwanda wakavuka daraja la Rusumo.

Habari za kuvuka sitawaeleza. Wapo waliovuka wanaoweza kueleza vizuri kuliko mimi, na wengine ni wazazi wenu. Mimi nasema ya karakana tu. Benaco, walikopiga kambi, ikawa mji kabla hatujajua imeanza. Kila mwenye lori akataka kupeleka ndizi, maharage, kuni, chochote. Mafuta yakawa ya kutafutwa kwa madumu. Misitu ya karibu ikaisha kwa kupikia, mninga ukawa wa kufuatwa mbali. Na magari ya kigeni yakaja kwa mkupuo ambao hatukuwahi kuuona: malori meupe ya misaada, na pikapu za Kijapani za dizeli ambazo watu wengine walivuka nazo, wakaziuza hapahapa ili wale.

Nilizijua pikapu zile kwa nyundo. Ukigonga bati la gari la zamani la Mwingereza, linajibu kama kengele ya kanisani. Ukigonga la Mjapani, linajibu kama debe. Na kila toleo jipya lililoingia, bati lilikuwa jembamba kuliko la kabla yake. Pua ikafupishwa, kiti kikawa chepesi, hata vitasa vya mlango vikawa vya plastiki. Laurenti alicheka: "Hawa wamefilisika, hawana chuma." Mimi sikucheka. Mtu anayeuza magari dunia nzima hajafilisika. Nilielewa kwamba huko viwandani wanapigana, na vita vyao ni mafuta, na kila mmoja anakata uzito ili gari lake linywe kidogo kuliko la jirani. Na sisi hapa tulikuwa tunaongeza mninga.

Aliyetuletea vita hivyo mlangoni ni Mzee Salumu. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Biharamulo mjini, mtu wa asili ya pwani, kofia yake safi hata wakati wa vumbi. Malori yake ndiyo yaliyotulisha. Wateja wengine walikuja na kwenda. Yeye akiondoka, karakana inafungwa, na mafundi wetu wanarudi kwenye mashamba ambayo ndugu zao wameshagawana.

Akaja siku moja, akazunguka lori lake, akapapasa ubavu wa mninga tuliomaliza kuupaka mafuta.

"Fundi Laurenti, kazi nzuri. Sasa niambie, mafuta yangu nalisha mzigo au nalisha mbao?"

"Mzee, mbao ndiyo inayoshika mzigo."

"Lori langu linapanda mlima limebeba nusu ya msitu wa Biharamulo, na gunia hata moja sijaweka."

"Mbao nyepesi ni mbao dhaifu, Mzee."

"Nitafutie nyepesi isiyo dhaifu. Mjapani kaipata. Kama wewe huipati, siwezi kukulaumu, lakini siwezi kukufuata shimoni. Nitauza malori, ninunue vijigari vyake vilivyokuja na bodi zake. Mama Deo, mwambie mumeo, labda wewe anakusikia."

Nikajibu kwamba ananisikia, ila anachelewa kukubali. Mzee Salumu akacheka. Laurenti hakucheka.

Tukajaribu. Laurenti alikuwa seremala hodari, na nasema hivyo si kwa kuwa ni marehemu. Akaacha mninga, akachukua msindano, mti mwepesi, kwa mbavu. Akapunguza unene wa nguzo, akaondoa moja kila mahali palipokuwa na mbili. Tukajaza magunia ya maharage, tukayarukia, bodi ikakaa kimya. Lori likaenda Biharamulo na kurudi, dereva akaja akitabasamu, mafuta yamebaki. Tukala nyama siku hiyo.

Kisha likaenda Murusagamba kuchukua ndizi.

Mnajua watu wetu wanavyopakia ndizi. Ndani ikijaa hawasemi imejaa. Wanafunga mikungu kwa nje, kwenye mbavu, shina juu, mmoja baada ya mwingine, mpaka gari linakuwa kama kuku aliyevimba manyoya. Halafu utingo na wenye mali wanasimama hapohapo nje, mguu kwenye kamba, mkono kwenye nguzo. Tangu nizaliwe ni hivyo. Sisi wote karakanani tulijua. Lakini tulikuwa tunawaza mafuta, na gunia la maharage ndilo tuliloliweka akilini. Gunia linasukuma chini. Hakuna anayetundika maharage.

Kwenye mteremko wenye mawe ubavu mzima ukafunguka kama mlango. Mikungu ikamwagika bondeni, utingo akaikalia, hakuumia zaidi ya aibu. Wanawake wenye ndizi walikuja karakanani kwa miguu kutueleza wanatufikiriaje, na walieleza vizuri. Tulikuwa tumekata uzito palepale palipokuwa panabeba. Andikeni hilo ukutani kama mna chaki.

Mzee Salumu hakugomba. Hilo ndilo lililotutisha. Malori yake yakaenda Mwanza, hayakurudi, na baada ya muda yeye mwenyewe akapita barabarani kwenye pikapu ya Kijapani, mkono nje ya dirisha. Dereva wake Ezekieli, mtoto wa watu waliotoka Burundi zamani wakahamia huku, akapiga honi. Laurenti akageuka kutazama migomba.

Mafundi wakaanza kuondoka. Niliwapikia bado, lakini sufuria ikawa ndogo.

Siku ambayo kazi ilibadilika, mimi nilikuwa Benaco nimepeleka vigoda tulivyokuwa tunatengeneza kwa vipande vilivyobaki. Pikapu ya Mzee Salumu ilikuwa imeegeshwa sokoni na Ezekieli alikuwa anashusha ndizi. Nikasogea. Mikungu ya chini ilikuwa imepondeka, myeusi kabisa. Ya juu ilikuwa imefungwa mpaka juu ya paa, kwa kamba za mgomba, imelala kama mgonjwa. Bodi ya Mjapani ni sinia. Ni fupi, mbavu zake zinamfika mtu magotini, na bati ni lile la debe. Mjapani hakuwahi kutundika ndizi, nani angemwambia?

"Unapakia kiasi gani cha mzigo wa lori la zamani?" nikamuuliza Ezekieli.

"Hata nusu sifikishi, Mama Deo. Mafuta halinywi, lakini halibebi. Mzee analalamika njia nzima, nimemzoea kama redio."

Pembeni alikuwepo mwanamume mwembamba ameketi juu ya dumu, anatazama gari hilohilo. Jina lake Faustini, mkimbizi, fundi wa kuchomelea huko kwao. Akasema, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mubyeyi, gari hii inataka mifupa nje." Mubyeyi kwao ni mzazi, hivyo ndivyo alivyoniita mpaka mwisho. Akaokota tete, akalikunja kidogo, halikuvunjika. Akaokota kijiti kinene kama lile tete, akakikunja, kikakatika. Halafu akanionyesha tundu la tete. Chuma chenye tundu katikati. Bomba la maji.

Nikamwendea Mzee Salumu bila kumuuliza Laurenti. Nikamwambia atupe pikapu moja, mabomba, jenereta ya kuchomelea na mafuta yake, mimi na Faustini tutamjengea fremu ya kutundikia, nyepesi, na ikishindikana asitusalimie tena. Akanitazama. "Moja," akasema. "Na msimu wa ndizi ukianza iwe barabarani. La sivyo naipeleka Mwanza wakanifanyie, na huko nitabaki."

Laurenti alisema mambo mawili. La kwanza, yeye ni seremala, chuma ni kazi ya mhunzi, hatakishika. La pili, Faustini anaweza kufanyia kazi uani kwetu, lakini mimi nisikaribie moto ule. Kwetu Ngara na kwa jirani zetu wa Burundi mnajua mwiko huo, au mnapaswa kuujua: mwanamke hakaribii tanuri la mhunzi, wala havuki vyombo vyake. Chuma kinakataa. Jembe linapasuka, mkuki unapinda. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini, na nilipouliza utotoni nilipewa kofi, ambalo ndilo lilikuwa maelezo.

Lakini bomba ni refu, na Faustini alikuwa na mikono miwili. Mtu wa kushika ncha ya pili alikuwa nani? Mafundi wameondoka, Laurenti hashiki. Nikashika mimi. Ukishika ncha kwa muda mrefu, unaona mkono wa mwenzako unavyokwenda. Nikaanza kuuliza. Naye akafundisha, na mafunzo yake nawapa kama alivyonipa.

Bomba jeupe la maji limepakwa zinki. Likwangue kwanza mpaka chuma kionekane, maana moshi wake ukiuvuta utatetemeka kama una malaria na dawa ya malaria haitakusaidia. Choma kidogo huku, nenda upande wa pili, choma kidogo kule; ukimaliza upande mmoja wote, bomba linajikunja kukucheka. Toa waya wa betri kabla hujachomelea kwenye gari. Toboa tundu dogo chini ya kila bomba lililosimama, maji yatoke, la sivyo linaoza kwa ndani huku nje linang'aa. Na fremu usiichomelee kwenye bati la Mjapani, litachanika. Ishushe mpaka kwenye chesisi, ifunge kwa bolti, na katikati weka mpira wa tairi. Aliposema hilo la mpira nikamwambia hilo nalijua tangu kabla hajaota ndevu. Akasema, "Basi mubyeyi umebakiza kujifunza moto tu."

Laurenti akatukuta siku moja ametoka kutafuta mbao, mimi nimeshika ngao ya uso na cheche zinaruka. Akageuka, akarudi alikotoka. Kwa Laurenti, hiyo ndiyo ilikuwa kelele.

Tulikuwa tumefika kwenye mabomba ya nje, yale yenyewe ya kutundikia, ilipotangazwa kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao. Mliokuwepo mnajua ilivyokuwa barabarani. Faustini alikuja asubuhi na mzigo wake kichwani, mkewe nyuma yake.

"Mubyeyi, ya nje bado."

"Nayaona."

"Usiende haraka kwenye kona. Moto ukikuambia subiri, subiri."

Akaniachia ile ngao. Sikupata habari zake tena.

Msimu wa ndizi ulikuwa umeshaanza. Laurenti akasema tumrudishie Mzee Salumu gari lake na tumalize mambo kwa heshima. Nikamjibu kwamba heshima hailipi ada ya shule ya Deo. Nikawasha jenereta. Hakunizuia. Alikaa mlangoni pa karakana anapiga randa ubao ambao haukuwa na kazi, akiupunguza tu, mpaka ukawa kama fimbo. Nilichoma, nikapumzika, nikachoma. Viungo vya mabomba nilivyochomelea vilikuwa na manundu kama mgongo wa mamba, si kama vya Faustini vilivyolala vizuri. Lakini nilivigonga na vilijibu kwa sauti moja.

Ezekieli alipokuja kuchukua gari, akaangalia manundu, akauliza nani kachomelea. Nikamwambia.

"Mama Deo, mimi nina watoto. Chuma cha mwanamke kinaachia njiani. Babu yangu alikuwa mhunzi, najua ninachosema."

"Babu yako alifua majembe. Aliwahi kufua Mjapani?"

"Hapana."

"Basi hili halijui."

"Wenye ndizi wakijua hawatatundika hata mkungu mmoja. Na fremu ikiachia, watasema nini juu yako?"

"Watasema mwanamke kavunja gari la Salumu na kaifunga karakana ya mumewe. Na watakuwa wamesema kweli."

Akakuna kichwa. "Ukisimama wewe mwenyewe pale nje, kwenye bomba lako, kwenda na kurudi, mimi nitaendesha."

Nikapanda. Laurenti alisimama, randa mkononi, akaniangalia mpaka tukapinda.

Kufika Murusagamba kulikuwa rahisi, gari tupu. Ezekieli hakuweza kunyamaza, akawaambia wanawake wa sokoni nani kachomelea, na wao wakarudi nyuma na mikungu yao. Mmoja akauliza kama na mimi nauzwa pamoja na ndizi. Mwingine akasema mkungu huu umeiva kupita kiasi, hauna mteja. Nikawaambia mkungu huu utasimama kwenye bomba la nje mpaka Benaco, na anayetaka ndizi zake zifike atundike pembeni yangu. Anayetaka zioze akae nazo. Wakanong'onezana. Mama mmoja mzee akaja, akatundika wake, akasema amechoka kusimama. Basi wengine wakafuata, maana hakuna anayependa kuachwa na gari. Walijaza ndani, wakajaza nje, mikungu kulia kwangu na kushoto kwangu, mpaka nikawa naona barabara kwa jicho moja.

Kwenye mteremko wa mawe Ezekieli akataka kutoa gia, gari lishuke lenyewe, aokoe mafuta. Madereva wote wa wakati ule walifanya hivyo, na breki za wengi ziliwaacha. Nikapiga paa kwa ngumi. Akarudisha gia. Gari likayumba upande wangu, mzigo wote ukaja nje, ukavuta bomba. Nilikuwa nimeshika kiungo changu mwenyewe, kile chenye nundu kubwa, na nilisikia kwenye kiganja kinavyofanya kazi. Kililia kidogo. Kisha gari likasimama sawa, kikanyamaza. Sikusali, sitawadanganya. Nilikuwa nahesabu viungo nilivyovichomelea haraka.

Benaco, ambako soko lilibaki hata baada ya wakimbizi kuondoka, tulishusha ndizi zote, hakuna iliyopondeka. Ezekieli akawasha swichi, akatazama kipimo cha mafuta, akakigonga kwa kidole akidhani kimekwama. Hakikuwa kimekwama. Upepo ulikuwa unapita katikati ya mabomba badala ya kugonga ubao, na uzito haukuwepo. Hakunisifu. Alisema tu, "Mzee atataka na ile nyingine ifanyiwe hivi."

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Laurenti alikuja na nyundo. Akazunguka gari, akagonga kiungo kimoja kimoja na kutega sikio, vya Faustini na vyangu, bila kuuliza kipi cha nani. Ezekieli alikaa ndani ya gari akingoja. Laurenti alipomaliza aliweka mkono juu ya bomba la nje, mara ya kwanza kushika chuma kile, akalivuta kwa uzito wake wote.

"Sakafu ya bati itatoboka mwaka huuhuu," akaniambia. "Nitaiwekea mbao nyembamba juu. Wewe endelea na vyuma."

Nikasema sawa.

Akatazama gauni langu. Pindo lilikuwa na matundu ya cheche, kama wavu wa dagaa.

"Hilo litakuja kushika moto, Mama Deo. Kesho uvae suruali yangu."

Wakati huo mwanamke wa Kasulo kuvaa suruali barabarani lilikuwa jambo la kupelekwa kwa katekista. Asubuhi nikaivaa, nikaikunja miguuni, nikafunga kiunoni kwa ukanda wa tairi, nikawasha jenereta.